Suti ni ile ile, mkufu ndio uliokwenda karamuni

Mpenzi msomaji, ikiwa unaishi Komarock, Kayole, Umoja au mtaa wowote wa huku mashariki mwa Nairobi na kazi yako iko katikati ya jiji, basi jambo hili unalijua pengine kunishinda. Umealikwa karamu ya jioni. Kadi inasema saa kumi na mbili u nusu. Kazini mnatoka saa kumi na moja. Je, utakwenda nyumbani kubadilisha nguo kisha urudi mjini? Thubutu! Utafika Donholm wakati wenzako wanapakuliwa chakula. Ukija kufungua mlango wa nyumba yako, hotuba zimekwisha na watu wanatafuta makoti yao waondoke.

Basi unakwenda na nguo zile zile za asubuhi. Unaingia ukumbini ukiwa na suti uliyoketi nayo mbele ya meza mchana kutwa, huku wenzako wa mitaa ya karibu wameoga na kujipulizia manukato. Unatafuta kiti cha nyuma. Usiniambie hujawahi kukitafuta kiti hicho.

Mimi nilihamia Komarock mwaka wa 1993 nikiwa bibi harusi wa miezi minne, na nimeshapanda matatu za Barabara ya Jogoo kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu. Katika miaka hiyo nimejifunza kwamba si lazima nguo ibadilike. Kinachobadilika ni kile unachokivaa shingoni, masikioni au mkononi. Mapambo machache yaliyochaguliwa vyema yataitoa suti ofisini na kuifikisha karamuni. Lakini nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Somo hili nililipia, tena kwa awamu.

Ilikuwa mwaka wa 1995. Mkubwa wa mume wangu kazini alikuwa akistaafu na tukaalikwa sote wawili kwa chakula cha jioni katika hoteli moja ya mjini. Mimi nilikuwa karani mpiga chapa, na suti yangu ya heshima ilikuwa moja tu, ya kijivu, ambayo niliivaa na blauzi nyeupe yenye kola iliyofungwa hadi kooni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikwenda kwa jirani yangu, mwanamke aliyenitangulia mtaani kwa mwaka mmoja na kunionyesha mengi, kuanzia duka lenye unga wa bei nafuu hadi matatu ambayo haijazi watu kama magunia. Nikamwomba mkufu wake wa dhahabu. Alikuwa amepewa na mama yake siku ya harusi, na mama huyo alikuwa amekwisha kufariki. Jirani yangu hakusita. Aliufunga katika karatasi ya shashi akanipa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi siku ile nilidhani walisema juu ya nguo peke yake.

Saa kumi na moja nikajifungia katika maliwato ya ofisini, nikauvaa juu ya blauzi, nikajitazama kiooni. Na hapa ndipo kichekesho kilipo, msomaji. Mkufu ule haukuonekana! Ulikuwa mwembamba kama uzi, nao umelala juu ya kola nyeupe. Kule hotelini, chini ya taa za manjano, hakuna hata mtu mmoja aliyeuona. Mke wa yule mstaafu alinisifu viatu. Aliyeuona ni mmoja tu, na huyo hakuwa mgeni wa karamu.

Tulipanda matatu saa tatu usiku. Mume wangu alipata kiti cha nyuma, mimi nikakaa dirishani, na kwa kuwa joto lilikuwa jingi nikalifungua dirisha. Tulipofika mzunguko wa City Stadium gari likapunguza mwendo. Nikaona mkono. Sikuona mtu, nasema niliona mkono. Ukaingia, ukashika, ukavuta, ukatoka. Nilipopiga kelele matatu ilikuwa imekwisha kuondoka. Makanga akanitazama akasema, "Pole mama. Lakini nani alikwambia uvae dhahabu dirishani?"

Mume wangu alinisihi ningoje asubuhi. Sikuweza. Taa ya jirani ilikuwa ingali inawaka, nikabisha. Akafungua mlango akicheka. "Umeuleta usiku huu? Si ungengoja asubuhi?" Nikaivuta kola akaona mchubuko mwekundu shingoni. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ingia kwanza tuoshe hicho kidonda."

Angalinitukana ningelala.

Siku ya Jumamosi nilikwenda kwa sonara katika Biashara Street kuulizia bei ya mkufu kama ule. Mzee yule alinifundisha mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kuazima mali ya mtu. Dhahabu safi kabisa, alisema, ni ya karati 24, nayo ni laini mno. Ndiyo maana huchanganywa na madini mengine kama vile shaba na fedha. Ya karati 22 ina karibu sehemu 92 za dhahabu katika kila mia, ya 18 ina sehemu 75, na ya 9 haifiki hata 38. Ukitazama vizuri karibu na kifungo cha mkufu utaona nambari ndogo iliyogongwa: 916, 750 au 375. Ile ya jirani yangu ilikuwa 916. Mzee akapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi akanisogezea: shilingi 8,000. Mshahara wangu wa mwezi ulikuwa shilingi 5,800.

Nililipa shilingi elfu moja kila mwezi kwa miezi minane. Jirani alizipokea bila kuzihesabu mbele yangu. Hakunisema kwa watu. Ningalisikia, maana Komarock ya wakati ule ukuta wa nyumba yako ndio ukuta wa mwenzako. Lakini salamu zilifupika. Zamani alikuwa akiingia kwangu kwa mlango wa jikoni bila hodi. Sasa tukawa tunasalimiana langoni. Deni la dhahabu lilikwisha. Lile la mama yake sikuona duka la kulinunulia.

Katika miezi ile nilikwenda nyumbani Ukambani kumlilia mama yangu hali. Mama alinipa pesa za mbuzi mmoja aliyeuzwa Kangundo. Kisha akapiga magoti, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda na kutoa kopo la kakao lenye kutu. Ndani mlikuwa na mkufu wa shaba, mzito, uliosukwa kwa vipete vidogo vidogo hata ukiuminya mkononi unajikunja kama nyoka. Ulikuwa wa nyanya yangu. Aliuvua siku aliyobatizwa, kwa kuwa aliambiwa mapambo yale ni ya kishenzi, na hakuuvaa tena, lakini kuutupa pia hakuutupa. Labda nawe una kopo kama hilo kwenu. Wakamba tangu zamani wamesifika kwa kufua na kusuka mikufu ya shaba na chuma, hata majirani zao walikuwa wakija kuinunua. Mimi niliyesoma hadi kidato cha nne sikuwa nikilijua hilo. Nilijua tu kwamba shaba ni ya bomba la maji.

"Huu," mama akasema, "hata ukiibwa, hutalipa mtu."

Niliuvaa mara ya kwanza mwaka uliofuata katika sherehe ya kumuaga mwenzetu ofisini. Suti ni ile ile ya kijivu. Blauzi ni ile ile, ila safari hii nilifungua vifungo viwili vya juu, nikaigeuzia kola ndani ili shingo ionekane. Vipuli vidogo vya ofisini nikavivua, saa ya mkononi nikaitia mkobani. Mkufu ukakaa juu ya ngozi. Wenzangu walioketi nami tangu asubuhi wakaanza kuniuliza nimekwenda nyumbani saa ngapi kubadilisha nguo!

Nikawaza sana juu ya jambo hilo, na nitakueleza nilichokigundua. Kwanza ni habari ya mwanga. Ofisini tunakaa chini ya taa ndefu nyeupe ambazo mwanga wake ni sawasawa kila pahali, hata kitu kinachong'aa hakipati nafasi ya kung'aa. Jioni taa ni chache, za manjano, tena mara nyingi ziko juu au mezani. Madini yenye uso mpana hudaka mwanga huo na kuurusha usoni mwako. Shaba na dhahabu, zilivyo za rangi ya moto, hupendana mno na ngozi nyeusi. Kwa hiyo pambo la mchana liwe dogo na tulivu, na la jioni liwe na umbo la kuonekana kutoka upande wa pili wa meza. Si lazima liwe ghali. Mkufu wa jirani yangu ulikuwa na thamani mara kumi ya huu wa nyanya, lakini jioni ile haukuwa na kazi.

La pili ni shingo ya nguo. Hapa ndipo akina dada wengi wanapoharibikiwa. Blauzi iliyofungwa hadi kooni haitaki mkufu mfupi; itakuwa kama ng'ombe aliyefungwa kengele. Itake mkufu mrefu unaoshuka hadi kifuani, au uache shingo kabisa na kuweka vipuli virefu. Nguo yenye shingo ya pembe, kama herufi ya V, itapendeza na kidani kinachofuata pembe ile ile. Shingo ya mviringo huupokea vyema mkufu wa shanga nyingi. Na ikiwa umechagua mkufu mkubwa, masikio yapumzike. Ukivaa vipuli vikubwa, shingo ipumzike. Mtu anayevaa vyote kwa pamoja na bangili sita juu yake hatuangalii yeye, tunaangalia duka.

Sisemi hivi kwa kuwadharau wapendao kujipamba sana. Nilikuwa na mwenzangu kazini, mzaliwa wa Mombasa, ambaye aliniambia kwamba mimi na kiasi changu tungechekwa katika sherehe ya kupamba huko kwao, ambapo wanawake hukaa peke yao usiku. Huko mtu hupita barabarani ndani ya buibui jeusi, humjui ni nani. Akiingia ndani akalivua, utafikiri jua limechomoza: dhahabu shingoni, dhahabu masikioni, mikono yote miwili imejaa bangili. "Sisi," alisema, "tumebadilisha vazi la mchana kuwa la usiku kabla ofisi zenu hazijajengwa." Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Nikachukua kwake jambo moja la manufaa: njiani funika, ukumbini funua.

Tangu usiku wa City Stadium sijavaa pambo lolote la maana ndani ya matatu. Huvaa nikifika na huvua kabla ya kuondoka. Wengine wananiona mshamba ninapojifungia maliwatoni mara mbili kwa jioni moja. Na wanione. Mkufu mwembamba naupitisha ndani ya mrija wa kunywea soda kisha naufunga kifungo chake nje, ndipo usijifunge mafundo mkobani. Vipuli navichomeka katika matundu ya kifungo cha zamani, kila kimoja tundu lake, ndipo kimoja kisipotee. Vyote vinaingia ndani ya soksi safi, na soksi inaingia katika mkebe wa chakula cha mchana. Bado sijasikia mwizi wa Nairobi aliyeiba mkebe wenye harufu ya githeri.

Nawe mwanafunzi wa chuo, au msichana uliyeajiriwa juzi na mshahara haujatulia, usiseme kwamba mambo haya ni ya wenye nacho. Tembea hadi soko la Kariokor, lile lililopata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Utaona shanga, shaba na ngozi zikifanyiwa kazi papo hapo mbele ya macho yako. Soko la Wamasai nalo kwa miaka mingi limekuwa likiandaliwa siku za Jumamosi karibu na Mahakama Kuu. Bei ya kwanza utakayotajiwa hapo si bei, ni salamu. Kibera kuna mafundi wanaoyeyusha makufuli na mabomba mabovu ya shaba na kuyafanya bangili, na wengine wanaochonga vipuli kutoka kwa mifupa na pembe za ng'ombe. Kule Karen kuna shanga za udongo za Kazuri, kazi iliyoanzishwa mwaka wa 1975 na Bi Susan Wood pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakitafuta riziki. Hizo ni ghali kidogo, lakini moja kubwa yatosha.

Juu ya shanga za vioo, kuna jambo lililonishangaza. Sisi huziita za Kiafrika, na kweli ufundi wa kuzitunga na maana ya rangi zake ni wa kina mama wa Kimasai na Kisamburu. Lakini shanga zenyewe zilikuja na wafanyabiashara kupitia pwani, zikitoka Venisi kule Italia na baadaye Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kwa hiyo usione haya kuchanganya. Shanga nyekundu juu ya suti ya samawati iliyokoza, au nyeupe juu ya nguo nyeusi, ni jioni kamili. Zile zenye rangi saba, zivalie nguo ya rangi moja isiyo na maua. Kitenge chenye ndege na miavuli hakihitaji msaada wa shanga.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa ufupi. Shaba ikipatwa na jasho huacha alama ya kijani shingoni na kwenye kola. Si sumu ya kuua, lakini inaaibisha. Ifute kwa kitambaa kila unapoivua, na ikififia isugue kwa limau na chumvi au majivu laini, uisuuze, uikaushe. Usiijaribu dawa hiyo kwa shanga zilizotungwa kwa uzi. Na ikiwa vipuli vya bei nafuu vinakuwasha hadi masikio yanatoa maji, mara nyingi aliyekudhuru ni madini yaitwayo nikeli ambayo huchanganywa humo. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuyawekea mipaka mwaka wa 1994. Huku kwetu mwuzaji atakwambia ni "dhahabu ya Dubai". Wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi sehemu inayogusa ngozi, na husaidia kwa siku chache, lakini kama sikio limevimba, vitupe vipuli hivyo.

Mume wangu, kwa upande wake, aliwahi kuniuliza kwa nini natoka nyumbani bila mkufu na jirani fulani ameniona nao mjini jioni. Nilimfungulia mkebe wa chakula akaona soksi. Hakuuliza tena.

Sasa nikumalizie habari ya jirani yangu, maana sikuanza na yeye bure. Miaka ilipita. Watoto wetu walikua, nyumba zikaongezwa vyumba na ghorofa, hospitali ya Mama Lucy Kibaki ikajengwa hapa kwetu, nywele zetu zikaanza mvi. Salamu za langoni zikaendelea kuwa za langoni. Mwaka jana, Alhamisi moja jioni, binti yake alikuja kunibishia. Anafanya kazi katika ofisi moja huko Upper Hill, na kesho yake walikuwa na karamu ya mwisho wa mwaka. Akasimama mlangoni akiona haya.

"Shikamoo, mama. Mama amenituma. Ati una mkufu wa nyanya yako, wa shaba. Ameniambia nije nikuombe."

Kwa muda sikupata jibu. Niliingia chumbani nikalitoa kopo la kakao. Nakuambia ukweli, msomaji, kwamba mkono ulinitetemeka, na haikuwa kwa sababu ya bei. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote kwamba kitu cha wafu hakiazimwi. Nikampa. Nikampa na soksi, na mkebe, na masharti yote: vifungo viwili viwe wazi, masikio yapumzike, avue kabla ya kuondoka ukumbini, na dirishani asikae.

Ijumaa usiku sikulala vizuri. Niliisikia teksi ikisimama saa tano, nikasikia lango lao. Sikusikia hodi. Nikajigeuza kitandani hadi alfajiri.

Saa moja asubuhi mlango wa jikoni ukafunguliwa. Hakuwa binti. Alikuwa mama mwenyewe, ana leso mabegani na lile kopo mkononi. Akaliweka juu ya meza akalifungua nione, kisha akavuta kiti.

"Safari hii," akasema, "nimengoja asubuhi."

Nikateleka chai.